Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wazee walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Twalitumia neno hili kwa mtu aliyekosa fungu lake kwa kuwa hakuhudhuria. Lakini yuko na yule aliyehudhuria siku zote, akafanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na bado fungu lake halikuonekana, maana jina lake halikuandikwa. Huyo ni mwanamke katika vitabu vya historia.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za meza moja iliyotandikwa kwa ajili yake. Meza hiyo imo katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn, mjini New York. Yaitwa The Dinner Party, yaani Karamu ya Jioni, na aliyeibuni ni msanii wa Marekani, Judy Chicago, aliyeifanyia kazi tangu mwaka 1974 hata 1979. Ina pande tatu zilizo sawa, kila upande ukiwa na urefu wa mita 14 na nusu hivi; kwa hiyo hakuna mgeni aketiye mahali pa heshima kuliko mwenzake.

Kila upande umeandaliwa wageni 13, nao jumla yao ni 39. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo. Katika picha za Karamu ya Mwisho huketi Bwana na mitume wake 12, wote wanaume. Hapa walioalikwa ni wanawake. Yuko Hatshepsut, aliyetawala Misri kama Farao. Yuko Hypatia, mwalimu wa hisabati wa Alexandria. Yuko Caroline Herschel, aliyegundua nyota nane zenye mkia. Kila mmoja ana sahani yake ya kaure na kitambaa kilichotariziwa jina lake. Na sakafuni, juu ya vigae vyeupe, yameandikwa kwa rangi ya dhahabu majina mengine 999.

Kutarizi nguo na kupamba vyombo ni kazi ambazo wakubwa wa sanaa walizidharau, wakiziita kazi za nyumbani. Msanii alizichagua makusudi. Naye hakuzifanya peke yake: watu zaidi ya 400, wengi wao wanawake, walimsaidia, na wengi walijitolea bila ujira. Majina ya wasaidizi yaliwekwa kwenye mbao za shukrani, na ndivyo ilivyopasa. Hata hivyo, mfanya kazi ajua kwamba shukrani si mshahara, na ulimwengu waijua meza hii kwa jina la mtu mmoja.

Ilipofunguliwa San Francisco mwezi Machi 1979, watu wapatao 100,000 walikwenda kuitazama. Lakini sahani zake nyingi zina maumbo ya ua au kipepeo yanayodokeza maumbile ya kike, na jambo hilo liliwachukiza wengi. Majumba yaliyokuwa tayari kuipokea yakarudi nyuma, na meza ikafungwa makashani. Ndipo watu wa kawaida katika miji kadhaa walipounda kamati, wakachanga fedha na kutafuta kumbi. Kwa jitihada hizo ikazunguka nchi sita, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 ikapata makao ya kudumu huko Brooklyn. Waliofungua mlango si wenye majumba, bali ni umma.

Walakini haki yataka tuseme na upungufu wake. Kati ya wageni wote 39, Mmarekani mweusi ni mmoja tu: Sojourner Truth, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la New York, akaupinga utumwa kwa maneno ya kinywa chake bila ya kujua kusoma wala kuandika. Tena sahani yake ina nyuso, si umbo walilopewa takriban wenzake wote. Mwandishi Alice Walker alilalamikia jambo hilo mwaka 1979 ule ule. Basi hata meza iliyotandikwa ili kuondoa dhuluma iliwaacha wengine wamesimama mlangoni.

Fundisho letu ni hilo. Mwenye kuandika orodha ana mamlaka kubwa, na hapana orodha inayojitosheleza. Basi, ndugu, tusingoje msanii wa mbali aje kututandikia meza. Tazameni picha za mikutano ya zamani zilizotundikwa katika ofisi zetu. Ulizeni ni nani aliyewapikia wajumbe, ni nani aliyewalaza, ni nani aliyebaki na watoto. Waulizeni akina mama wazee wenyewe, wangali hai, mkaandike majina yao kwa ukamilifu, si "mama fulani" wala "mke wa fulani". Karatasi na kalamu si ghali. Ghali ni kuchelewa.