Asili ya Mabasi ya Dar es Salaam

Mtu atokaye shamba akifika Dar es Salaam husikia watu wakitaja "daladala" na "mwendokasi", asijue asili ya majina hayo. Basi yafaa tueleze.

Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya Waingereza iitwayo DMT, ikachukua abiria mjini. Baada ya Uhuru ilitaifishwa, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na UDA ikapewa mji. Lakini mji ulikua upesi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa haba. Mabasi yaliyoharibika yakalala gereji, na watu wengi wakaenda kazini kwa miguu. Wenye magari wakapakia abiria kwa siri, maana sheria ilikataza.

Mwaka 1983 Serikali ikawapa ruhusa. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo watu waliiita "dala". Ndiyo asili ya jina. Shida ile ikapungua, ila ikazuka nyingine. Dereva hupaswa kumpelekea mwenye gari hesabu yake kila siku, naye hubaki na kilichozidi; kwa hiyo hushindania abiria, hujaza gari kupita kiasi, na humwacha mwanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo.

Mwaka 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yao kutoka Kimara hata Kivukoni.

Hapo twaona kwamba basi lisilopata fedha za matengenezo halidumu, na basi litazamalo faida tu humsahau mnyonge. Mji hauna budi kuyaangalia yote mawili.