Kidonda cha chuchu hutibiwa mdomoni mwa mtoto

Mzazi anapouma meno kila mtoto anaposhika titi, wengi hufikiria kwanza cha kumpaka. Kwenye boma la wafugaji chini ya mlima Hanang kuna samli. Karibu na Bonde la Yaeda kuna asali. Mjini Katesh au Mbulu duka la dawa haliko mbali. Lakini chuchu haichaniki kwa kukosa mafuta. Inachanika kwa sababu inabanwa.

Mtoto akishika ncha peke yake, ulimi wake huigandamiza chuchu kwenye kaakaa gumu na kuisugua palepale kila anapovuta. Akijaza kinywa, akachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, chuchu hufika nyuma karibu na kaakaa laini, ambako hakuna cha kuiminya. Ndiyo maana mama aliyenyonyesha watano bila shida anaweza kuchanika kwa wa sita. Titi ni lile lile, mdomo ndio mgeni. Itazame chuchu inapotoka kinywani: ikiwa imebapa upande mmoja au ina mstari mweupe, ilikuwa inabanwa.

Basi kaa vizuri, mgongo ukiegemea kitu. Mgeuze mtoto mzima akuelekee, tumbo lake kwa tumbo lako, asilazimike kupinda shingo. Hapa juu Mbulu, baridi ya Juni na Julai huwafanya watoto wafungwe mablanketi mpaka wanakuwa bunda, na bunda halisogei karibu na titi. Lifungue, mlaze kifuani, kisha mjifunike wote wawili. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu, usubiri apanue kama anayepiga mwayo, ndipo umlete yeye kwenye titi, kidevu kikitangulia. Akishika vibaya usimvute. Chomeka kidole kisafi pembeni mwa mdomo, mwachishe, anza upya, hata mara nne. Kuuma kidogo mwanzoni mwa kunyonya katika siku za kwanza, kisha kukatulia, hutokea kwa wengi. Kuuma tangu anaposhika hadi anapoachia kunadai marekebisho.

Na kupaka je? Uchambuzi wa Cochrane wa 2014 ulikusanya tafiti 4 zenye wanawake 656. Haukupata dawa iliyozishinda nyingine. Kutopaka kitu, au kupaka maziwa ya mama mwenyewe, kulionekana kufaa sawa na marhamu au zaidi, na kwa wengi maumivu yalipungua kufikia siku ya 7 hadi ya 10 hivi baada ya kujifungua. Kwa hiyo kamua matone machache baada ya kunyonyesha, paka, acha yakauke kwa hewa. Samli sina ugomvi nayo jikoni, ila isiwekwe kwenye jeraha bichi. Asali ndiyo nakataa kabisa: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, na mtoto aliye chini ya miezi 12 hapaswi kuilamba hata kidogo. Sabuni na spiriti hukausha ngozi ikazidi kupasuka.

Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanza 1955, ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto katika nchi 8. Katika utafiti huo, kunyonyesha maziwa ya mama pekee kulikatizwa mapema mno, kinyume na miezi 6 inayoshauriwa. Sababu ni nyingi, lakini nikiulizwa mimi, maumivu ya wiki ya kwanza ni mlango mmojawapo ambao maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi huingilia.

Kuna yasiyongoja. Titi likiwa jekundu na gumu pamoja na homa, nenda kituoni siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kulitoa maziwa. Chuchu zikichoma kama moto na mtoto ana utando mweupe usiofutika mdomoni, huenda ni fangasi. Mtibiwe wote wawili. Mama anayeishi na VVU asinyonyeshe titi lenye ufa: alikamue, atumie lililo zima, aendelee na dawa zake na amwone mtoa huduma mara moja.

Kwenye hudhurio la kliniki la siku ya 7 baada ya kujifungua, usikubali swali la "ananyonya vizuri?" pekee. Mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha, na akague kama uzi ulio chini ya ulimi wa mtoto haumzuii kuutoa nje.