Lille: bingwa aliyeuza mtaji

Agosti 14, 2021, Lille ilirudi uwanjani kwake kwa mechi ya kwanza ya nyumbani tangu itwae ubingwa wa Ufaransa. Ikapigwa 4-0 na Nice. Kilichouma zaidi ni mtu aliyesimama upande wa wageni: Christophe Galtier, kocha yuleyule aliyeipa Lille kombe mwezi Mei na kuaga siku mbili tu baadaye.

Ubingwa wenyewe uliamuliwa siku ya mwisho. Lille ilimaliza na pointi 83, Paris Saint-Germain 82, na msimu mzima Lille ilikuwa imefungwa mabao 23 tu. Lakini wakati wachezaji wanashangilia, daftari la hesabu lilikuwa na hali mbaya. Klabu za Ufaransa zilikuwa zimepanga matumizi kwa kutegemea kampuni ya Mediapro, iliyoahidi takriban euro milioni 800 kwa msimu ili ionyeshe mechi zao. Mediapro ikashindwa kulipa, na mkataba ukavunjwa Desemba 2020. Amazon, iliyochukua sehemu kubwa ya mechi hizo Juni 2021, ilitoa takriban milioni 250. Viwanja navyo vilikuwa vitupu kwa sababu ya corona. Aliyewahi kununua mzigo kwa mkopo akimtegemea mteja mmoja mkubwa, kisha mteja akazima simu, anaijua hali hiyo.

Desemba hiyohiyo Lille ilipata mmiliki mpya na rais mpya, Olivier Létang, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza deni. Kipa Mike Maignan akaenda AC Milan, kiungo Boubakary Soumaré akaenda Leicester. Kocha mpya, Jocelyn Gourvennec, akakabidhiwa duka ambalo rafu zake zimeanza kupungua.

Mwanzo ulidanganya kidogo. Agosti 1, mjini Tel Aviv, bao la Xeka liliifunga PSG 1-0 na kuipa Lille Kombe la Mabingwa la Ufaransa. Kisha ligi ikaanza, na ukuta wa msimu uliopita haukuonekana tena.

Ajabu ni kwamba Ulaya timu hiyohiyo ilisimama. Baada ya mechi tatu za kundi ilikuwa na pointi mbili tu, kisha ikazifunga Sevilla, Salzburg na Wolfsburg mfululizo na kuongoza kundi. Huko ndiko kulikokuwa na fedha, maana kila ushindi wa Ligi ya Mabingwa hulipiwa.

Hata hivyo Januari milango ilifunguliwa tena. Jonathan Ikoné aliuzwa Fiorentina. Reinildo Mandava, beki wa kushoto wa Msumbiji, mzaliwa wa Beira, mji wa bandari ambao wasafirishaji wengi wa ukanda huu wanaufahamu, alikwenda Atlético Madrid. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache, na klabu ikaona heri bei ndogo leo kuliko kumwacha aondoke bure. Kwa hesabu ya fedha, uamuzi huo ni mgumu kuulaumu. Kwa hesabu ya uwanjani, ulikuwa ni kung'oa bati nyumba ikiwa na watu.

Februari PSG walikuja Lille wakashinda 5-1. Chelsea wakaitoa Ulaya, 2-0 London na 2-1 Lille. Bingwa mtetezi akamaliza wa 10 na pointi 55, akiwa amefunga mabao 48 na kufungwa 48. Nafasi hiyo haikuwa na tiketi ya Ulaya, kwa hiyo hata lile pato la Ligi ya Mabingwa likakatika.

Juni, Gourvennec aliondolewa. Beki Sven Botman akauzwa Newcastle, kiungo Amadou Onana akauzwa Everton. Galtier, aliyekuwa ameachana na Nice, akateuliwa kocha wa PSG mwezi Julai, na Agosti kiungo Renato Sanches naye akauzwa na Lille, akamfuata Paris.