Si Hadithi ya Vyungu

Juzi tena. Mkono ukanyooka nyuma ya darasa, na swali lilikuwa lile lile: "Mwalimu, kwa hiyo Saramago anataka tuache plastiki turudi kwenye vyungu?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo naliandikia, nipumzike.

Waulizaji huwa wamesoma nusu ya A Caverna (Pango), au wamesimuliwa. Riwaya hiyo ya Mreno José Saramago ilitoka mwaka 2000, miaka mitatu baada ya jumba la maduka la Colombo kufunguliwa Lisbon. Cipriano Algor, mfinyanzi mjane wa miaka 64, huuza vyombo vyake kwa Kituo, jumba la maduka na makazi ambalo halikomi kupanuka. Siku moja anaambiwa wateja sasa wanataka vya plastiki. Nusu ya mzigo arudi nayo. Hapo msomaji mvivu hufunga kitabu, funzo lake mkononi: udongo mzuri, plastiki mbaya, kijijini raha, mjini balaa.

Funzo hilo halimo. Limeletwa na msomaji kutoka kwao.

Mtazameni Cipriano mwenyewe. Hapigani na Kituo, anakibembeleza. Vyombo vikikataliwa, yeye na bintiye Marta wanabuni sanamu ndogo za aina sita na kuomba zipokelewe. Wamezirithi kwa mababu? La, wamezitoa kwenye ensaiklopedia kuukuu: nesi, Mwashuri mwenye ndevu, Mweskimo na wenzao. Tena wanatumia kalibu, maana oda ni ya sanamu 1,200. Hiki ni kiwanda kidogo kinachotafuta mteja. Anayekiita mila na desturi anionyeshe mila ya Kireno ya kufinyanga Waeskimo.

Na kijiji je? Ukitoka huko kwenda mjini unapita Ukanda wa Kijani, ambao kijani chake kimebaki jina tu: ni vitalu nyumba vya plastiki chafu, safu kwa safu, kisha viwanda, kisha vibanda vya maskini. Shamba lenyewe limeshavikwa plastiki. Asemaye turudi shambani aseme lipi.

Wengine hunijibu kwamba mwandishi alizaliwa kijijini, kwa hiyo lazima alikuwa na hamu nako. Naam, alizaliwa Azinhaga mwaka 1922, na babu na bibi yake aliwapenda sana. Lakini katika hotuba yake ya Nobeli, mwaka 1998, alieleza jinsi wazee hao walivyowalaza kitandani mwao vitoto dhaifu vya nguruwe usiku wa baridi kali. Sababu aliitaja bila kuipamba: nguruwe ndio waliowalisha, na kila aliyekufa ni riziki iliyopotea. Ndiye yule yule aliyeandika Levantado do Chão, riwaya ya 1980 kuhusu vibarua wenye njaa katika mashamba makubwa ya Alentejo. Mtu huyu hahitaji kufundishwa kijiji ni nini.

Mwisho wa riwaya unamaliza ubishi, kwa wanaofika huko. Nyumba ipo, tanuri lipo, mforosadi upo. Familia haibaki. Inazipanga sanamu nje, mvua izirudishe kuwa udongo, kisha inapanda kigari cha mizigo na kuondoka bila kujua iendako. Kama ujumbe ungekuwa "rudini kwenye vyungu", hapo palikuwa pa kurudi.

Basi kama si kwenye vyungu, ukaidi wa riwaya hii uko wapi? Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae: vizuri vyote huviuza, yeye hubaki na kipande. Cipriano kafikwa na zaidi ya hapo, kwa kuwa hata cha kuuza hakitakiwi. Na anayeamua kinachotakiwa ni mmoja. Kituo kinawauliza wateja wake, wateja wanazikataa sanamu, na mtu anafutwa kwa lugha ya adabu kabisa. Kisha, chini ya jengo la Kituo, ambako familia imehamia, wachimbaji wanafukua pango lenye maiti sita, wanaume watatu na wanawake watatu, waliofungwa wakiwa wameelekea ukutani. Ni pango la mfano wa mwanafalsafa Plato, la wafungwa wanaotazama vivuli ukutani. Cipriano anaingia, anatoka, na anaelewa kwamba wale ni sisi. Ndipo anapoondoka. Mkwewe Marçal, mlinzi wa Kituo, anaacha kazi. Hakuna kioo kilichovunjwa. Wamekataa tu kukaa wameelekea ukutani.

Tena Saramago hakuwaachia ushindi mtamu. Jibu la Kituo liko kwenye bango la ukurasa wa mwisho: pango litafunguliwa kwa umma karibuni, tiketi zinauzwa. Soko limeweka bei hata kwenye ushahidi dhidi yake.

Haya, wanaotaka kusoma kweli. Mwenye haraka aanze na Objecto Quase (1978): katika hadithi "Embargo", gari linamkamata mwenyewe kwenye kiti na kumpeleka foleni za petroli, na katika "Coisas", vitu vinaasi. Kisha A Caverna. Kisha O Vento Assobiando nas Gruas ya Lídia Jorge (2002), yenye kiwanda kikuukuu cha pwani ya Algarve, wapangaji wenye asili ya Cape Verde, na familia yenye mali. Msiosoma Kireno, zote tatu zipo kwa Kiingereza. Saramago hatumii alama za kunukuu: herufi kubwa baada ya mkato humaanisha msemaji kabadilika. Ukipotea, soma kwa sauti. Usianze na muhtasari. Muhtasari ndio ulioniletea swali hili.

Na bango lile la mwisho lisome mara mbili. Baada ya hapo niulize utakalo, ila vyungu.