Amri Moja, Wakalimani Wengi

Istilahi "mkalimani wa amri" tunaipendekeza kwa programu inayosoma amri za mtumiaji na kuifanya kompyuta izitekeleze. Wakalimani hao wana lahaja zao. Mathalani, Bash, iliyotolewa mwaka 1989, huelewa sharti lililofungwa kwa mabano mraba maradufu, Dash haielewi. Hivyo, hati ya amri iliyoandikwa Dar es Salaam yaweza kukwama katika kompyuta ya zahanati huko Litapunga, na kumbukumbu za wagonjwa zisihifadhiwe.

Dawa ni ile iliyokifaa Kiswahili tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930: usanifishaji. Mwandishi atumie amri zilizomo katika kiwango cha POSIX, kisha aijaribu hati kwa wakalimani wote wawili. Hati ya namna hiyo tunaiita "hati hamishika".