Matibabu ya wazee ni bure, mbona dawa wananunua?

MZEE anayefika hospitali ya Serikali na kitambulisho chake hadaiwi fedha ya kumwona daktari. Tatizo huanza kwenye dirisha la dawa. Hapo mara nyingi huambiwa dawa zimekwisha na kupewa karatasi akanunue duka la jirani.

Wengi hudhani ni roho mbaya ya wahudumu. Pengine wapo wa namna hiyo, lakini kiini cha jambo hili ni hesabu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Wale wasio na uwezo husamehewa gharama za matibabu, na katika hospitali nyingi limetengwa dirisha lao ili wasipange foleni na vijana.

Kituo cha afya hununua sehemu ya dawa zake kutoka Bohari ya Dawa (MSD) kwa fedha za wagonjwa wanaolipa na za bima. Anayelipa akichukua vidonge, fedha yake hununua vingine. Mzee mwenye msamaha akichukua vidonge hivyo hivyo, kwa kawaida hakuna kinachorudi. Kituo kinachowahudumia wazee wengi kwa uaminifu ndicho kinachowahi kuishiwa.

Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito nao wana msamaha, lakini hali yao ni tofauti kidogo. Dawa ya mseto ya malaria humezwa kwa siku tatu, na kwa miaka mingi wafadhili wa nje wamechangia sana gharama zake, kama ilivyo kwa Ukimwi na kifua kikuu. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayowaandama wazee, hayajapata mfadhili wa kiwango hicho, na vidonge vyake humezwa kila siku hadi mwisho wa maisha.

Isitoshe, shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Mzee asiye na fedha huacha dawa, akajiona mzima, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Tangu hapo mzigo ni wa familia, na aghalabu ni binti anayefunga genge lake ili amgeuze na kumlisha.

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni wakazi wote wenye miaka 70 na kuendelea, wakati huo Sh20,000 kwa mwezi. Si fedha ya kutibu kisukari, ila nauli ya kwenda kliniki hupatikana bila kumwomba mtoto.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inagusa hesabu hiyo moja kwa moja. Inaweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, hivyo kituo kinatakiwa kulipwa kwa kila mzee kinayemtibu.

Ugumu uko katika kuwatambua wahusika. Mjane wa Magomeni anayeishi katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, bila mpangaji wala mshahara, ataandikwa kwenye orodha ipi? Jirani aliye kwenye kamati ya mtaa huenda akaiona nyumba tu.