Winchi Kongwe za Bristol

Katika gati la kale la Bristol, nchini Uingereza, ingali imesimama winchi ya mvuke ya mwaka 1878, iliyoundwa kunyanyua tani 35. Shingo yake imepindwa kwa makusudi, ipate kuinamia ngama ya meli pasipo mzigo kugusa ubavu. Jirani yake zipo winchi nne za umeme za mwaka 1951. Bandari ile ilipofungwa kwa meli za shehena mwaka 1975, wenzake wengi waliishia kuwa vyuma chakavu. Hizi zilinusurika baada ya wenyeji kujitokeza na kununua mbili.

Kilichotuvutia zaidi ni kwamba bado zinafanya kazi. Mafundi wa kujitolea huwasha tanuri, maji yakachemka, ndipo ile kongwe igeuke. Kupaka chuma rangi ni kazi nyepesi. Kulegeza breki hatua kwa hatua mzigo ushuke salama, hilo hurithishwa mkono kwa mkono.

Familia zenye wazee waliowahi kuwa makuli au mafundi bandarini, tunawasihi muwaulize mapema majina ya zana na ishara walizopeana, na wajukuu waandike.